Kimeingia chote

Wiki hii mmeuliza: kuhukumu kabla ya kujua, Kiswahili kina neno gani? Mimi nasema dhana. Wanangu shuleni wanafundishwa "dhana ya fasihi", kwao dhana ni wazo la kitabuni tu. Sisi tuliolelewa Tanga tulionywa nayo chuoni, kwenye madrasa: Kurani, Suratul Hujurat, aya ya 12, jiepusheni na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi.

Nami nimemdhania mtu. Nilimpelekea fundi mmoja wa Ngamiani mita 2 za kitambaa cha bluu, amshonee binti yangu sketi ya shule, ya marinda. Siku ya kuichukua nikaulizia vipande vilivyobaki. Akasema, "Mama, kimeingia chote." Nikaitazama sketi, kijisketi cha mtoto wa darasa la tatu, nikamwambia mbele ya wateja wake: kimeingia wapi, fundi? Si umemkatia mwanao? Hakujibu. Akaikunja, akanikabidhi, akarudi kwenye cherehani yake. Mwaka mzima nikawa napita upande wa pili wa barabara.

Binti akarefuka. Nikakaa na wembe kufumua pindo, nikitarajia vidole viwili. Likafunguka, likafunguka tena: alilikunja mara tatu, karibu shubiri nzima. Kiunoni kaacha akiba huku na huku, na kila rinda ndani limelala kitambaa cha kutosha. Kimeingia chote, kweli.

Nilirudi. Akaishika sketi, akauliza mtoto yuko darasa la ngapi sasa. Nikamtaka radhi, akasema yameisha, mama. Lakini tulikuwa wawili tu pale.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema dhana yote ni uovu. Sasa nasita. Aya inasema baadhi, na mzazi mwenye fedha za kuhesabu lazima apime. Mimi mpaka leo napima kitambaa kabla ya kukitoa. Pengine neno mnalolitafuta ni tuhuma. Dhana ikiwa moyoni naweza kuifuta mwenyewe. Tuhuma wanaondoka nayo waliosikia. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, lakini gazeti likiandika "mtuhumiwa", mtaani tunasoma mwizi. Ingawa, nisingemdhania fundi, ningemtuhumu kwa lipi?

Wateja wa siku ile, wawili nawafahamu. Mmoja nimeshamweleza.