Re: Bondi za haidrojeni bila maabara
Mwalimu, umeuliza utawaonyeshaje kidato cha sita bondi za haidrojeni (mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja na atomu kama oksijeni ya molekuli jirani) wakati shule haina maabara. Anza na barafu. Pakua Mercury, programu ya kutazama miundo ya fuwele kwenye kompyuta, ya CCDC, kituo cha data za fuwele cha Cambridge. Toleo la msingi ni bure. Fungua muundo wa fuwele ya barafu, wanafunzi wapime wenyewe: oksijeni hadi oksijeni jirani ni kama angstromu 2.76 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ilhali nusu vipenyo vya van der Waals vya oksijeni mbili vikijumlishwa, yaani umbali ambao zingegusana tu bila bondi, ni 3.04. Hapo usieleze kitu, waulize tu kwa nini molekuli zimesogeleana hivyo. Kisha wahesabu majirani. Kila molekuli ina wanne, na katikati pamebaki uwazi unaoifanya barafu iwe nyepesi kuliko maji ya ujazo uleule, ndiyo maana huelea! Wakishaelewa, wape muundo wa fuwele ya asidi benzoiki, watafute molekuli zinavyoshikana mbili mbili. Kompyuta moja na projekta vinatosha kabisa.