Fomu Ikishatumwa, Usimwache Mtu Palepale

Kila Juni wanagenzi wakiingia, mwezi hauishi kabla sijaletewa msimbo uleule niukague: fomu inapokelewa kwa POST (ombi la kivinjari linalopeleka data kwa seva), data inaandikwa kwenye hifadhidata, kisha POST hiyohiyo inachora ukurasa wa "Asante, tumepokea". Kwenye kompyuta ya ofisini, intaneti ya waya, unapendeza kweli. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili limenichosha. Watu tunaowajengea wako Mbale na Arua, miji ya Uganda, wameshika simu zenye bando la siku, na mtandao unakuja na kuondoka. Someni haya kwanza.

1. POST ikifanikiwa isijibu kwa ukurasa. Imwelekeze mtu kwenye anwani nyingine, nayo ifunguliwe kwa GET, ombi la kusoma ukurasa tu. Ukijibu kwa ukurasa, ombi la mwisho ambalo kivinjari kinalikumbuka ni ile POST. Mtu akipakia upya, ataulizwa kama atume fomu tena. Atakubali, maana nani husoma onyo kama lile akiwa na haraka? Ukimwelekeza, kinachorudiwa ni GET tu, na GET iliyoandikwa vizuri haibadilishi kitu hata irudiwe kutwa. Fomu yenye makosa ni habari nyingine. Hiyo mrudishie ileile pamoja na kila alichokwisha kuandika.

2. Namba ya jibu la seva linalomwelekeza mtu hivyo ni 303. Zamani kulikuwa na 302, ambayo vivinjari viliifuata kwa kugeuza POST kuwa GET ingawa kanuni haikusema hivyo. HTTP/1.1, toleo la kanuni za mazungumzo ya kivinjari na seva, ikaja kulinyoosha: 303 maana yake nenda pale kwa GET, 307 maana yake nenda pale na POST yako mkononi. Django na Laravel, viunzi vya kujengea tovuti, zikikupa 302 zenyewe, mambo yataenda. Ila 307 baada ya fomu ni balaa, kwa sababu data yote inatumwa tena.

3. Mnaoandika kwa PHP: header(), amri inayotuma maelekezo hayo, iwe kabla ya kutoa chochote, hata nafasi tupu moja juu ya faili, na baada yake uweke exit. header() haisimamishi programu.

4. Malipo. Hapa nitakaa. Nilikuwa kwenye timu iliyojenga mfumo wa ada wa shule moja ya bweni. Mzazi anajaza namba ya mwanafunzi, kiasi, na namba yake ya Mobile Money, anabonyeza Lipa, na simu inamletea kisanduku cha PIN. Ukurasa wa shukrani ulichorwa na POST ileile. Ulipita majaribio yote, kwa kuwa tuliujaribu tukiwa mezani, hakuna aliyetoka nje hata kufika kituo cha boda.

Ikafika wiki ya kufungua muhula. Mama mmoja, muuza matoke sokoni Nakasero, aliweka PIN, akarudi kwenye kivinjari, akakuta ukurasa mweupe. Akaupakia upya, akakubali kutuma tena, kisanduku cha PIN kikatokea. Yeye alielewa kwamba ya kwanza imekataa, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa hivyohivyo. Akaweka PIN tena. Ada ya muhula mzima ikatoka mara mbili, na ile ya pili ilikuwa mtaji wa mzigo wa kesho yake. Alikuja mwenyewe ofisini, akatuonesha ujumbe wote wawili kwenye simu. Hakugomba. Aliuliza atarudishiwa lini, nasi hatukuwa na jibu, kwa sababu pesa ilishaingia akaunti ya shule na mhasibu hakuweza kuitoa bila idhini ya wakubwa wake. Tulipopekua hifadhidata tukakuta mistari pacha ya wazazi wengine ambao hata hawakuwa wamegundua. Ikabidi kuwapigia simu mmoja mmoja. Kumweleza mzazi kwamba umemtoza mara mbili, naye anakushukuru kwa kumwambia, ni kazi nisiyomwombea yeyote kati yenu.

Dawa yake ilikuwa mistari michache ya msimbo. API ya MTN MoMo, mlango ambao programu yako inaombea malipo ya simu, inataka kila ombi la malipo libebe X-Reference-Id, UUID (namba ya utambulisho isiyofanana na nyingine) ambayo unaitunga wewe. Ule mfumo uliitunga ndani ya POST, hivyo kila kutuma upya kulizaa ombi jipya. UUID hiyo itunge wakati fomu inapofunguliwa, iweke kwenye sesheni, yaani data ambayo seva inamtunzia mtumiaji huyo; ikirudi mara ya pili utaitambua, na hata ikikupita, wao wataikataa kwa jibu la 409, yaani imerudiwa. Ombi likipokelewa wanajibu 202, yaani limefika, pesa bado. Kwa hiyo usimpeleke mzazi kwenye "Umelipa". Mpeleke kwenye ukurasa wa hali ya malipo, wenye UUID hiyo kwenye anwani, unaouliza seva kila baada ya sekunde chache. Mtandao ukikatika, ataurudia jioni akiwa nyumbani na kukuta jibu lake.

5. Kuelekeza hakuzuii vidole vyenye haraka. Mtu akibonyeza mara mbili kabla jibu halijafika, POST ni mbili. Kuzima kitufe kwa JavaScript kunasaidia, lakini ulinzi wenyewe ni tokeni, alama ya kutumika mara moja, kwenye fomu na safu isiyokubali kurudiwa kwenye hifadhidata.

6. Anwani ya kumpeleka mtu usiichukue kibubusa kutoka ?next=, kipande cha anwani ambacho yeyote anaweza kukibadilisha, la sivyo tapeli atatumia jina la tovuti yako kupeleka watu kwake. Django ina url_has_allowed_host_and_scheme kwa kazi hiyo.

7. Mkituma fomu kwa fetch, amri ya JavaScript ya kutuma ombi bila kuondoka kwenye ukurasa, kumbukeni inafuata maelekezo ya seva yenyewe, kimyakimya, na ukurasa wa mtumiaji haubadiliki. Rudisheni anwani kwenye jibu, kisha window.location ifanye kazi ya kumhamisha mtu.

8. Neno la shukrani liwekeni kwenye sesheni, lioneshwe mara moja, lifutwe. Majina na namba za simu za watu zisipite kwenye anwani.

Kabla ya kuniletea kazi, chukueni simu ya bei nafuu. Tumeni fomu, zimeni data katikati, washeni, pakieni upya, rudini nyuma, bonyezeni kitufe mara mbili. Kisha hesabuni mistari kwenye jedwali. Ikiwa mmoja, nileteeni.