Kompyuta ya kuunga mwenyewe kujirejesha kama ya kiwandani: ninavyofanya

Mkuu, umeuliza kama kompyuta za mezani unazowaungia wateja zinaweza kuwekewa ule uwezo wa kurudi "kama mpya" ambao mashine za Dell na HP huja nao. Inawezekana, tena kwa zana za Microsoft wenyewe, bila kununua programu yoyote. Mimi nauza mashine kwa shule na steshenari za mikoani, na siku hizi hakuna inayotoka mezani kwangu bila hiyo. Mteja aliye mbali akipata fundi wa kumpigia Windows upya, mara nyingi anarudishiwa mashine yenye Windows ya kuvunjwa na draiva za kubahatisha. Jina linaloharibika ni la aliyeiunga.

Tangu Windows 10, "Reset this PC", yaani kitufe cha Windows cha kuirudisha upya, haitegemei imeji (nakala nzima ya mfumo katika faili moja) iliyofichwa kwenye patisheni (sehemu ya diski), kama enzi za Windows 7. Inajenga mfumo upya kutokana na mafaili yaliyomo ndani ya Windows yenyewe. Ndiyo maana ukiitumia kwenye mashine ya kuunga unabaki na Windows tupu, programu zote zimeyeyuka. Kinachokosekana ni kifurushi cha programu ulizoweka, na mahali pake ni folda ya C:\Recovery\Customizations. Viwanda navyo hutumia folda hiyohiyo.

Baada ya kupiga Windows, ikifika ukurasa wa kwanza wa kuchagua nchi, bonyeza Ctrl+Shift+F3. Itawaka upya na kuingia hali ya ukaguzi (audit mode) bila kumfungulia mtu akaunti. Hapo weka draiva zote, masasisho na programu za mteja. Kisha pakua Windows ADK, mkusanyiko wa zana za Microsoft za kuandaa mashine, ni ya bure, hakikisha toleo lake linaendana na Windows yako, halafu utumie ScanState iliyomo kutengeneza kile kifurushi cha programu:

ScanState /apps /ppkg C:\Recovery\Customizations\usmt.ppkg /o /c

Malizia na sysprep /generalize /oobe /shutdown, amri inayoiandaa Windows ianze kama mpya kwa mteja. Ikishazima, usiiwashe tena kwa diski yake. Iwashe kwa flashi ya WinPE, Windows ndogo inayowaka kutoka kwenye flashi, uchukue imeji nzima:

Dism /Capture-Image /ImageFile:E:\kiwanda.wim /CaptureDir:C:\ /Name:Kiwanda /Compress:max

Herufi za diski hubadilika ndani ya WinPE, kwa hiyo zithibitishe kwanza kwa diskpart.

Utauliza, kwa nini kifurushi na imeji vyote viwili? Kifurushi kinatosha pale virusi vimeingia au mashine imekuwa nzito. Lakini SSD ikifa, kila ulichoficha ndani yake kimekufa nayo. Hapo ndipo sikubaliani kabisa na wanaoweka patisheni ya kurejesha na kuhesabu kazi imekwisha. Imeji naiweka kwenye flashi anayokabidhiwa mteja pamoja na risiti, na nakala nyingine nabaki nayo. Flashi igawe mara mbili: FAT32 ya kuwashia na NTFS ya imeji, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi 4GB. SSD mpya ikifungwa, fundi anagawa diski, anaimwaga imeji kwa Dism /Apply-Image, anamalizia na bcdboot ili mashine iweze kuwaka. Bodi mama ikiwa ileile na leseni ni ya kidijitali, Windows itajihalalisha yenyewe ikipata intaneti.

Patisheni ya mazingira ya kurejesha, ile ndogo inayofungua ukurasa wa kurejesha Windows isipowaka, ikae mara tu baada ya C, na usiibanie nafasi. Januari 2024 sasisho la KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643, kisa patisheni hiyo ilikuwa ndogo, na Microsoft wakawaelekeza watu waiongezee 250MB. Mimi natenga 1GB tangu mwanzo. Kisha amri ya reagentc /info ioneshe hali ya mazingira hayo ni "Enabled".

Na ujaribu, mkuu. Fanya Reset kamili mezani kwako, kebo ya mtandao ikiwa imechomolewa, uone programu zinarudi. Baadhi ya programu hazirudi vizuri kupitia ScanState, hasa zenye leseni ya kuwashwa mtandaoni, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya mteja.

Mteja akipiga simu, mwambie ashike Shift huku akibonyeza Restart. Kama Windows haiwaki kabisa, ikishindwa mara mbili mfululizo ukurasa wa kurejesha hujitokeza wenyewe. Kwenye "Reset this PC" achague "Local reinstall". "Cloud download" inaweza kula zaidi ya 4GB, na kwa mtu wa bando hiyo ni hela. Akichagua "Remove everything" kwenye mashine yenye diski zaidi ya moja, ataulizwa kama afute diski ya Windows pekee au zote. Msisitizie ya Windows pekee, maana kwa shule, matokeo ya wanafunzi yamehifadhiwa kwenye diski ya D.