Jibu: Mdogo wangu haachi kuchupa Forodhani, ana wazimu?

Dada, umeuliza kama mdogo wako ana wazimu, maana kila jioni yuko Forodhani anachupa baharini, na sasa anataka kujifunza kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na tiara kubwa, huko Paje. Hana wazimu, na wala usimpeleke kwa mganga.

Mtazame siku moja kabla hajaruka. Anarudi nyuma hatua tatu nne, vidole vya miguu vinang'ang'ania jiwe, macho yamemtoka. Hapo tezi zilizo juu ya mafigo zishamwaga adrenalini: moyo mbio, damu nyingi inakimbilia misulini. Lakini kinachomrudisha kesho yake ni dopamini, kemikali ya ubongo inayotia hamu. Nayo hupanda kabla ya raha yenyewe, pale anapongojea tu.

Watu hatukuumbwa sawa. Marvin Zuckerman, mwanasaikolojia wa Marekani, alitunga kipimo cha hamu ya misisimko tangu 1964. Utafiti wa 2008 nao ulionesha kuwa wapenda mambo mapya walikuwa na vipokezi vichache vya kuizuia dopamini. Yaani breki zao laini. Tena kwa kijana, sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima hatari, hukomaa akikaribia miaka 25.

Ukimkataza kabisa atachupa kwa siri. Mie ningemwacha ajifunze kaiti, kwa mwalimu, na kofia ngumu kichwani. Ila Forodhani mshikilie hapohapo: asichupe maji yakikupwa. Rafiki yangu wa utotoni alitanguliza kichwa maji yamekupwa, akavunjika shingo. Mpaka leo hatembei.