Umeajiriwa serikalini huku Mwanza? Jua kwanza nani mnajadiliana naye na kuhusu nini

Wadogo zangu mlioripoti juzijuzi, karibuni sana kanda ya ziwa. Kila kundi jipya likiingia swali ni lilelile, mtu hajapata hata kiti cha kukalia ofisini anauliza hiki chama cha wafanyakazi kinachokata hela yangu kazi yake nini hasa, mshahara si anatangaza Rais? Swali ni la haki kabisa. Mei Mosi ya 2025 pale Singida kima cha chini cha serikali kilitangazwa kupanda kutoka 370,000 mpaka 500,000, ile asilimia 35.1, kuanzia Julai, na hakuna kiongozi wa tawi wa Ilemela wala Sengerema aliyesaini popote. Ukielewa kwa nini iko hivo utaacha kugombana na mtu ambaye hata akitaka hawezi kukupa.

Sisi watumishi wa umma tuna sheria yetu, Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Na. 19 ya 2003, na pembeni yake kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ambayo inatushika pamoja na wenzetu wa sekta binafsi, isipokuwa JWTZ, polisi, magereza na JKT, hao wamewekwa nje. Mambo ya mishahara na miundo ya vyeo yanaongelewa huko juu kati ya serikali na vyama vya kitaifa, CWT cha walimu, TUGHE cha watumishi wa serikali na afya, TALGWU cha serikali za mitaa na wenzao. Mkurugenzi wako wa halmashauri hana mamlaka ya kukuongezea hata mia kwenye mshahara, kwahiyo ukisimama kikaoni ukamkomalia kuhusu nyongeza atakusikiliza kwa heshima zote, atakujibu "tumelipokea", na hapo muda wa kikao umeisha.

Ila kuna vitu viko mikononi mwake kabisa, vile vinavyotoka kwenye mapato ya ndani. Usafiri wa watumishi, vitendea kazi, rambirambi mtumishi akifiwa, zawadi ya mfanyakazi bora, utaratibu wa kulipa nauli za likizo ili zisiwe zinaenda kwa kujuana. Hivyo ndo vya kuingiza kwenye mkataba wa hali bora, yani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, na huo mkataba sio barua ya maombi jamani. Ukishaandikwa na upande wa mwisho ukasaini unaanza kubana papo hapo, labda wenyewe useme tarehe nyingine, na nakala inatakiwa iende kwa Kamishna wa Kazi. Mkifika kituo kipya ulizeni tawi, mkataba wetu wa hali bora uko wapi, tunaomba kuusoma. Mkiona viongozi wanaangaliana mjue kazi ipo.

Halafu kuna baraza la wafanyakazi, na hapa wapya wengi wanachanganya. Baraza ni la ushirikishwaji, lina historia ndefu tangu Agizo la Rais Na. 1 la 1970, na mwenyekiti wake ni mwajiri mwenyewe. Yani yule unayetaka kumbana ndo ameshika kikao, anajua agenda, anajua saa ya kufunga. Siku ya baraza mnapewa kitabu cha bajeti kinene kama msahafu asubuhi ileile, mnafungua, chai na chapati zinapita, kabla hujafika ukurasa wa stahiki za watumishi mtu kashatoa hoja ya kuipitisha. Na sisi watu wa huku tuna adabu zetu, umempa mkurugenzi shikamoo mlangoni, dakika kumi baadaye unaona aibu kumuuliza kuhusu malimbikizo. Uliza tu, shikamoo haifuti hoja. Lakini usitegemee baraza likufanyie kazi ya majadiliano, baraza linashauri, wa kujadiliana ni chama.

Na chama kinajadiliana kikiwa na watu. Sheria ya 2004 inasema chama kilichosajiliwa chenye wanachama walio wengi kwenye eneo husika ndo kinatambuliwa kuwa msemaji pekee wa wote, kinapeleka notisi ya kutaka kutambuliwa na mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho, akikaa kimya suala linaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ndo maana mtaona TUGHE na TALGWU wanavutana watumishi wa afya wa halmashauri, wale wanagombania namba. Wapya msidharau hilo, nyie mkiingia 60 kwa mpigo mnaweza kugeuza hesabu ya kituo kizima. Kitu kingine ambacho matawi mengi hawakitumii, na mimi kinaniuma, ni kwamba mwajiri analazimika kutoa taarifa ambazo chama kinazihitaji ili kijadiliane vizuri. Ombeni kwa barua kabla ya kikao, mapato ya ndani yaliyokusanywa ni kiasi gani, nauli za likizo zimelipwa kwa wangapi. Mtu mwenye karatasi ya takwimu mkononi anajibiwa tofauti kabisa na anayelalamika kwa mdomo.

Kuhusu makato, fungua slipu yako ya mshahara uangalie. Ada ya uanachama inakatwa ukiwa umejaza fomu, inaitwa TUF 6, na ukitaka kutoka unaandika notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Kwa walimu wa CWT ni asilimia 2, kwenye laki tano hiyo ni elfu kumi kila mwezi, sio hela ya kuchekea. Kama hujajaza fomu na bado unakatwa inaweza kuwa ada ya uwakala, ambayo chama kilichotambuliwa kinakubaliana na mwajiri ili wasio wanachama nao wachangie, na hairuhusiwi kuzidi ya wanachama wala kwenda kwenye siasa. Mimi naona ni afadhali uwe mwanachama upige na kura, maana pesa ishaondoka.

Mgomo sitauongelea sana. Unaruhusiwa kisheria lakini njia yake ni ndefu, na ule wa walimu wa 2012 Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi iliusimamisha ndani ya siku chache. Ukiwa wa afya, maji au umeme ndo kabisa, hizo ni huduma muhimu.

La mwisho ni dai lako binafsi, hilo usilichanganye na la pamoja. Umepangiwa Ukerewe, umevuka na meli hadi Nansio na mabegi yako, posho ya kujikimu haijaingia, hilo ni lako. Tangu marekebisho ya 2016 mtumishi wa umma lazima amalize kwanza njia za ndani za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kukimbilia CMA, kwahiyo anza na barua kwa mwajiri kupitia mkuu wako wa kazi, nakala moja kwa katibu wa tawi, na nyingine igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe uondoke nayo. Iweke nyumbani, sio kwenye droo ya ofisi.