Kabla hujadai talaka, isome hati ya Baraza

Mtu anayepigwa na mwenzi wake Tanzania Bara ana njia mbili, na wengi huzichanganya. Kipigo ni jinai, kinaripotiwa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ndoa huvunjwa na mahakama. Usingoje moja iishe ndipo uanze nyingine. Na asikudanganye mtu kwamba mume ana haki ya "kumrudi" mkewe, yaani kumwadhibu kwa kumpiga: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza.

Polisi omba PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, uende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu michubuko hufifia haraka. Daktari akishaijaza, toa nakala kabla hujairudisha kituoni, uandike na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Nakala usiziweke nyumbani, zitachanwa. Mpe ndugu unayemwamini.

Upande wa talaka, mashauri mengi hukwamia kwenye karatasi moja. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Barua ya mjumbe au ya wazee wa ukoo haitoshi. Ukikabidhiwa hati, isome hapohapo: majina yenu wote wawili, tarehe, sahihi ya mwenyekiti, mhuri, na sentensi inayosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Ikisema tu "aende mahakamani", shauri lako linaweza kuondolewa hata kama ushahidi wa kipigo ni mzito. Inauma sana kumwona mtu akirudishwa mwanzo kwa kosa la mwandishi wa baraza. Hati ikizidi miezi 6 kabla hujafungua shauri, haifai tena.

Mwenzako akiitwa na baraza akakataa kuja kwa makusudi, hakuzuii. Hakikisha tu wito umeandikwa. Kama kukaa naye baraza moja ni hatari, yaeleze mazingira hayo kwenye madai yako, maana mahakama ina uwezo wa kukuondolea sharti hilo. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, omba kwanza kibali cha mahakama.

Usisaini kuachia mali kwa kuambiwa hukuwa na mshahara. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Shauri likiendelea, unaweza pia kuomba amri ya kumzuia asikusumbue. Hukumu usiporidhika nayo, rufaa ni ndani ya siku 45.