Spini haionekani, kinachoonekana ni chaji: maneno kwa anayeanza kupima nukta kwanta pacha

Umepewa sampuli yako ya kwanza. Ni kipande cha semikondakta kisichozidi punje chache za mchele, kimegandishwa kwenye kibebeo cha shaba, na nyaya nyembamba kuliko unywele zinatoka kwenye mageti, vile vipande vya chuma ambavyo volteji yake inaziongoza elektroni, kwenda pembeni. Mahali fulani katikati ya kipande hicho, katika eneo lisilofika mikromita moja, kuna nukta kwanta mbili zilizopakana, yaani vishimo vidogo mno vinavyonasa elektroni chache. Umeambiwa kazi yako ni kupima spini, yaani ule usumaku mdogo wa kila elektroni, unaoelekea juu au chini. Mimi lililo muhimu nililielewa nikiwa nimeshapoteza karibu mwezi mzima, kwa hiyo naliandika hapa juu kabisa: spini yenyewe hutaiona. Utaona mkondo wa umeme, au utaona sensa ya chaji ikipanda na kushuka. Spini utaikisia kwa sababu elektroni imepita au imekataa kupita. Kisio hilo halina thamani yoyote mpaka uwe umeondoa sababu nyingine zote zinazoweza kuizuia elektroni.

Spini haionekani kwa sababu sumaku ya elektroni moja ni dhaifu mno. Katika galiamu aseniaidi, ambayo ni semikondakta, uga sumaku wa tesla 1 unatenganisha spini ya juu na ya chini kwa mikroelektronivolti 25 hivi tu. Kuongeza elektroni moja kwenye nukta ndogo hugharimu mara nyingi zaidi ya milielektronivolti 1, yaani mara 40 ya hiyo au zaidi. Chaji inapiga kelele, spini inanong'ona. Basi wanafizikia wa fani hii wote, kwa njia moja au nyingine, wanafanya kazi ya kuibadilisha habari ya spini iwe habari ya chaji.

Ili uelewe namna nukta pacha zinavyofanya kazi hiyo, chukua mashimo mawili ya bao na kete mbili. Tukiandika (1,1) tunamaanisha kila shimo lina kete moja. Tukiandika (0,2), kete zote mbili ziko shimo la kulia. Kwenye bao kete yoyote hukaa na yoyote. Elektroni hazikubali hivyo. Kanuni ya Pauli inasema mbili zikitaka kukaa ngazi ileile ya chini ndani ya nukta moja, lazima spini zao zipingane, hali tunayoiita singleti. Zikiwa katika hali ya tripleti, ambayo ina aina tatu na ambamo spini hazipingani namna hiyo, ya pili inalazimika kupanda ngazi ya juu, na katika nukta ndogo za galiamu aseniaidi ngazi hiyo iko juu kwa karibu nusu milielektronivolti au hata zaidi. Kama volteji uliyoweka haifiki hapo, elektroni ya kushoto inabaki ilipo na foleni yote iliyo nyuma yake inasimama. Hicho ndicho kizuizi cha Pauli. Ono, Austing, Tokura na Tarucha walikionyesha mwaka 2002 huko Japani: mkondo ulipita vizuri upande mmoja wa volteji, upande wa pili ukabanwa, mithili ya dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Miaka minne kabla ya hapo, 1998, Loss na DiVincenzo walikuwa wamependekeza spini ya elektroni ndani ya nukta itumike kama kubiti, yaani kipande cha msingi cha habari, ya kompyuta ya kwanta. Ndiyo maana jambo hili dogo la elektroni kukwama limeajiri watu wengi hivi leo, na wewe umekuwa mmoja wao.

Sasa nikusimulie nilivyokosea.

Nilikuwa na miezi mitano katika maabara moja ya Ulaya. Nukta zangu zilikuwa zimetulia, na nilipochora mkondo dhidi ya volteji za mageti mawili nikapata pembetatu zile zinazosifiwa kwenye kila mhadhara, yaani maeneo ya mchoro ambamo mkondo unapita. Kwa volteji ya +0.5 milivolti kati ya ncha mbili za sampuli, pembetatu ilikuwa nzima, inang'aa. Nikageuza kuwa −0.5. Pembetatu karibu yote ikatoweka, vikabaki vidoa vichache pembeni. Usiku uleule nikamwandikia msimamizi wangu kwamba nimepata kizuizi cha Pauli, na nikatumia wiki tatu kupima vile vidoa chini ya uga sumaku huku nikijitengenezea maelezo.

Hapakuwa na kizuizi. Amplifaya ya mkondo ilikuwa na volteji yake ndogo kwenye mlango wa kuingilia, kama milivolti 0.3, ambayo inajumlishwa na kila ninachoweka. Nilipoandika +0.5, sampuli ilikuwa inaona 0.8. Nilipoandika −0.5, ilikuwa inaona −0.2 tu. Pembetatu ya upande wa pili ilikuwa na kimo cha robo ya ile ya kwanza, maana yake eneo lake ni moja ya kumi na sita, na hatua zangu za kupima zilikuwa pana kiasi cha kuiruka. Vile vidoa vilikuwa pembetatu kamili, ila ndogo. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilitazama mpito wa jirani, yaani pembetatu iliyo karibu ambapo idadi ya elektroni ni nyingine. Nilikuwa nimeutazama, nao ulikuwa hivyohivyo, na ujinga wangu ulikuwa kuufurahia kana kwamba nimepata ushahidi wa pili. Kumbe ulikuwa unanisuta. Kizuizi cha kweli hutokea pale ambapo elektroni ya pili inajaribu kuingia kwenye ngazi yenye mwenzake. Mpito wa (1,1) kwenda (0,2) unabanwa. Wa (1,0) kwenda (0,1) haubanwi, maana hiyo elektroni moja haina wa kugombana naye. Ukiona "kizuizi" kwenye kila mpito, unachokitazama si spini.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, tafuta sifuri yako. Simama juu ya kilele cha mkondo cha nukta moja, sogeza volteji polepole mpaka mkondo ubadilike kutoka chanya kuwa hasi, uandike thamani hiyo. Inachukua dakika kumi. Irudie kila ukibadilisha amplifaya, na kila chumba kikipata joto au baridi kuliko kawaida, kwa sababu huwa inahama.

Ukishakuwa na sifuri, jifunze kuitazama pembetatu kwa karibu. Volteji ikizidi ngazi ya tripleti, kizuizi cha kweli hakifuti pembetatu yote. Kinaondoa kitako chake, na mkondo unaanza ghafla pale ambapo tofauti ya nishati kati ya nukta mbili inafikia ngazi ya tripleti, kwa hiyo juu panabaki kipande kinachong'aa. Kwenye kingo nako utaona mstari mwembamba wa mkondo, maana pale elektroni iliyokwama inaweza kurudi kwenye waya wake na nyingine kuingia na spini tofauti. Kitako kilichokatwa, kipande cha juu, kingo nyembamba: nikiviona vitatu kwa pamoja ndipo naanza kuamini. Nikiona kimoja, narudi kupima.

Kisha waulize viini vya atomi. Galiamu na aseniki zote zina viini vyenye spini, 3/2, na nukta moja inagusa viini milioni moja hivi. Vingekuwa vimeelekea upande mmoja vyote, elektroni ingehisi uga wa tesla 5 hivi. Kwa kuwa vimeelekea ovyo, vingi vinafutana, na kinachobaki ni milisitesla chache zinazoyumbayumba, tena si sawa kwa nukta ya kushoto na ya kulia. Tofauti hiyo inageuza tripleti kuwa singleti, na elektroni iliyokwama inapata upenyo. Ndiyo maana uga wa nje ukiwa sifuri kizuizi huvuja kidogo, na ukiweka makumi ya milisitesla uvujaji hupungua, kwa sababu tripleti mbili kati ya tatu zimetengwa mbali na singleti. Mvujo wenyewe ni mdogo. Ukisoma femtoampea 100, ujue ni elektroni kama 620,000 kwa sekunde, kila moja imesubiri zaidi ya mikrosekunde 1 kupata njia. Upana wa kilele ambacho mvujo unachora kuzunguka uga sifuri ndio kipimo chako cha uga wa viini. Mimi hakuna mchoro ninaoupenda kuliko huu: mstari mmoja mfupi, na ndani yake vimo viini milioni ambavyo huwezi kuviona kwa njia nyepesi zaidi.

Viini hivyo pia vina kumbukumbu. Mkondo ukipita, elektroni zinaviachia spini, navyo vinabaki hivyo kwa dakika kadhaa. Ukipandisha uga kisha ukaushusha, mistari miwili haitalaliana, na hilo si kosa la vyombo. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike "nimepima kutoka −100 hadi 100" ukaishia hapo. Andika ulianzia upande gani, kwa kasi gani, na ulisubiri muda gani kabla. Na usiamini sifuri ya sumaku pia. Sumaku ya nyaya za supakondakta hubaki na uga kidogo hata skrini ikisoma 0.000, kwa hiyo kilele chako kikisogea pembeni kwa milisitesla chache usikimbilie nadharia mpya.

Kundi la Harvard ndilo lililoonyesha, mwaka 2005, kwamba kuyumba huku kunaifuta hali ya spini mbili ndani ya nanosekunde 10 hivi, na kwamba kwa mapigo ya volteji yaliyopangwa vizuri unaweza kuirudisha na kuiongezea maisha hadi zaidi ya mikrosekunde 1. Isome makala yao polepole, pamoja na michoro ya mpangilio wa mapigo, kabla hujagusa jenereta ya mapigo.

Kuhusu joto nitasema kidogo ila lishike. Kipimajoto cha jokofu linalopoza sampuli kitasoma milikelvini 15, karibu kabisa na sifuri halisi, na utafurahi. Hilo ni joto la sahani ya shaba. Elektroni zako zinapashwa na kelele inayoshuka kupitia nyaya, na bila vichujio vizuri zinaweza kuwa milikelvini 100 au 200. Kwa milikelvini 100 nishati ya joto ni mikroelektronivolti 8.6. Linganisha na ile 25 ya tesla 1 niliyotaja juu, uone jinsi nafasi ilivyo finyu. Kundi la Delft, Uholanzi, lililosoma spini ya elektroni moja kwa mara ya kwanza katika jaribio moja, 2004, lilitumia uga wa tesla 10 hivi ili pengo la spini liwe kubwa kuliko joto. Joto la elektroni lipime mwenyewe kwa upana wa kilele cha mkondo.

Lingine linawahusu hasa tuliotoka pwani. Mimi nimekulia Tanga, na mpaka naondoka nyumbani sikuwahi kupigwa na umeme tuli hata siku moja. Hewa yetu ina unyevu, chaji haikai mwilini. Baridi ya Ulaya inakausha hewa ndani ya majengo, na ukitembea kwenye zulia na sweta ya sufu unaweza kubeba volti elfu kadhaa bila kuhisi chochote. Januari yangu ya kwanza nilichukua kibebeo kwa mkono kabla ya kuvaa mkanda wa kutuliza umeme. Sikusikia hata mlio. Mageti mawili yaliyeyuka, na sampuli ile mwenzangu alikuwa ameitengeneza kwa miezi miwili kwenye chumba kisafi. Nilikwenda kumwambia siku ileile, uso kwa uso. Fanya hivyohivyo yakikukuta. Ila ni afadhali uvae mkanda, uunganishe nyaya zote na ardhi kwanza, na swichi uzifungue moja moja.

Utasikia pia kwamba galiamu aseniaidi imepitwa na wakati. Kwa kubiti, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Katika silikoni ya kawaida ni asilimia 4.7 tu ya viini, vile vya silikoni-29, vyenye spini, na aisotopu hiyo inaweza kuchujwa ikabaki karibu silikoni-28 tupu, ambamo spini inadumu kwa muda mrefu zaidi kwa mbali. Matundu katika gerimani, yaani nafasi zinazoachwa na elektroni zisizokuwepo, nayo yanavutia: tundu halishikwi na viini kama elektroni inavyoshikwa, na spini yake unaweza kuizungusha kwa volteji ya geti peke yake. Delft walitoa kifaa cha kubiti nne cha aina hiyo mwaka 2021. Lakini vipimo vya kwanza ni vilevile. Ukihamia silikoni, ongeza tahadhari moja: mabonde ya nishati yake yanaweza kuiweka ngazi ya juu karibu mno na ya chini, makumi ya mikroelektronivolti, na hapo kitako cha pembetatu kinakuwa chembamba hata usikione.

Sampuli yangu ya pili ilipoa mwezi wa nne. Nilitumia siku nne kwenye sifuri, joto la elektroni na mipito ya jirani, siku nne ambazo sikuwa na mchoro hata mmoja wa kuonyesha kwenye kikao cha wiki. Siku ya tano, saa tano usiku, kitako cha pembetatu kilikatika upande mmoja, mpito wa jirani ukabaki mzima, na katikati ya uga pakatokea kilele chembamba cha mvujo. Nilimpigia yule mwenzangu ambaye nilimuulia sampuli. Alikuja na koti lake, akasimama mbele ya skrini muda mrefu, akaniuliza swali moja tu: nimepima kutoka upande gani? Nikamfungulia daftari. Akasoma, akavua koti, akavuta kiti, tukaanza kupima kutoka upande wa pili.